Kliniki ya urembo Dar: mafuta wamenyonya, hela wamenyonya, matiti yamebaki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mwanaume, nauza dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Tangu kidato cha pili nina matiti. Sisemi unene wa kifua, nasema matiti. Wenzangu wanashusha mizigo vifua wazi, mimi nimevaa jezi juu ya fulana na jua la saa nane linawaka. Majina niliyoitwa siyaandiki, mods watafuta uzi.

Nikaona matangazo ya kliniki moja ya Dar (jina sitaji, wao wana mawakili, mimi nina dagaa). Picha za kabla na baada, vifua vimenyooka kama ukuta. Nikauza mashine ya mtumbwi, nikapanda basi.

Aliyenipokea alikaa ng'ambo ya meza, akanitazama nimesimama, akasema: "Mafuta haya, tunanyonya, jioni unaenda kulala kwako." Hakunigusa! Hakuuliza natumia dawa gani, nakunywa pombe kiasi gani, ini na figo vikoje. Korodani ndiyo kabisa, hata kutajwa hazikutajwa. Mnaocheka, ngojeni.

Wakanyonya. Kilichobaki ni kioja: pembeni pamebonyea, katikati chuchu zimechomoza kuliko mwanzo. Nikapiga simu. Uvimbe huo kaka, utashuka, endelea na fulana ya kubana. Nikaendelea na fulana ya kubana mpaka nikatoka vipele. Nikapiga tena. Safari hii dada wa mapokezi ananijibu bila aibu: "Hiyo ni tezi ya titi, kaka. Tezi ni huduma nyingine, ina bei yake."

Yaani mlijua kuna kitu kinaitwa tezi?

Nikaenda hospitali ya serikali hapahapa Kigoma. Daktari kijana tu, akanilaza chali, akabana titi kwa vidole viwili akivisogeza kuelekea kwenye chuchu. Akanieleza kwamba kama ni mafuta matupu, vidole vinafika chuchuni bila kugonga kitu. Kama ni tezi, vinakutana na kisahani kigumu kinachoteleza. Changu kipo pande zote mbili. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, na Dar kiliwashinda!

Bomba la kunyonya linatoa mafuta. Tezi ni nyama ngumu, inatolewa kwa kisu: wanachana ukingoni mwa duara jeusi la chuchu ili kovu lisionekane sana, wanaitoa, wanabakiza kidogo chini ya chuchu isije ikadidimia. Mara nyingi kisu na bomba vinatumika pamoja, siku moja.

Na maswali ambayo hawakuuliza siyo ya kujaza fomu. Kijana akibalehe matiti yanaweza kuvimba na mara nyingi hunywea yenyewe ndani ya miaka miwili, huyo hahitaji kisu. Kuna dawa zinazoleta hali hii: spironolaktoni ya moyo na presha, simetidini ya vidonda vya tumbo, efavirenzi waliyokuwa wakitumia wenye VVU, na sindano za kujaza misuli za vijana wa gym. Ini likiharibika homoni zinavurugika. Na uvimbe wa korodani, hata kansa, unaweza kujionyesha kwanza kifuani. Ukimnyonya mtu mafuta huku korodani ina kansa, umemtibu nini?

Bima sizungumzii. Walisema urembo, wakafunga faili.

Sasa nataka hela yangu. Anayejua namna ya kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika aniandikie hapahapa hatua kwa hatua. Risiti ninayo, na fomu niliyosaini haina hata neno tezi. Aliyewahi kukatwa tezi Bugando au Muhimbili aseme alianzia mlango gani na rufaa aliandikiwa na nani.

Na nyie wa "piga pushapu mkuu": pushapu inakuza msuli ulio nyuma ya tezi, tezi inasukumwa mbele zaidi. Msinichoshe.