Wakili wetu amepatikana na hatia, naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Niko Malindi, naomba msaada wa mwenye kuijua sheria.

Wakili anayetusimamia kesi ya shamba la marehemu baba, huko Msabaha, amepatikana na hatia ya kuiba pesa za mteja mwingine. Amekata rufaa, yuko nje kwa dhamana na ofisi iko wazi. Karani wake bado anatukatia risiti kama kawaida. Hati ya shamba, ile yenyewe wala si kopi, imo kwenye kabati lake. Mama hapati usingizi.

Nilivyosoma Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, jopo la nidhamu linaweza kumwonya wakili, kumtoza faini hadi shilingi milioni 1, kumsimamisha hadi miaka 5 au kufuta jina lake kabisa. Je, lazima mtu apeleke malalamiko kwanza? Jopo hungoja rufaa iishe? Na sisi ambao hatukuibiwa, tunaruhusiwa kulalamika?

Kubwa kwangu ni hiyo hati. Tukibadilisha wakili sasa, anaweza kuizuia akidai ada? Aliyepitia haya tafadhali anieleze alianzia wapi.