Dada kachelewa siku nzima kutoka Frankfurt, hizi euro 600 Mtanzania naye analipwa?

Kibosho_Juu
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo kwa wanaojua haya mambo ya ndege maana hapa nyumbani Moshi kila mtu ana lake. Dada yangu mkubwa anaishi Ujerumani, alikuwa anakuja kwenye ubarikio wa binti yangu, tiketi moja tu Frankfurt mpaka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na kubadilisha ndege njiani, shirika lenyewe sio la Ulaya na silitaji jina. Pale Frankfurt wakakaa wee, subirini subirini, mara wakaambiwa ndege ina hitilafu mafundi wanaishughulikia, ilipokuja kuondoka ile ya kuunganisha ilishapaa zamani. Wamelala kwenye viti mpaka asubuhi kwa sandwichi na maji, kafika KIA kesho yake jioni, na sisi siku ya kwanza tulishaenda kumpokea na Noah mbili tukarudi mikono mitupu.

Na begi halikuja. Humo ndo kulikuwa na gauni la ubarikio na viatu. Jumamosi tumezunguka mji mzima, gauni tukapata dukani risiti ya EFD ipo, viatu tukaokoteza soko la mitumba la Memorial. Ibada Jumapili, begi likaja Jumatatu, gauni limo ndani na karatasi zake hata halijakunjamana.

Sasa kule kwenye foleni kuna Mjerumani alimwambia dada hii ni euro 600 kila kichwa, dai. Baba mdogo anasema hizo ni za wazungu, wewe wa pasi ya Tanzania utaambiwa karibu tena. Na jana shirika wamemtumia imeili wanampa vocha ya euro 150 ya safari nyingine, eti abonyeze kukubali. Abonyeze au?

Chuga_Kona
Asibonyeze kitu. Ngoja wataalamu waje.

WakalaTiketi_AR
Kibosho_Juu, mimi nakata tiketi hapa Arusha miaka mingi na hili swali la pasi linarudi kila Desemba Wachaga wakianza kupanda mlima, kwa hiyo nijibu kwa kirefu kidogo.

Baba mdogo mpe shikamoo yake lakini hapo kakosea. Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na haiulizi pasi yako ya rangi gani, inauliza ndege imepaa wapi. Ukipaa kiwanja cha nchi ya Umoja wa Ulaya, shirika liwe la Ulaya, la Kiarabu, la Kiafrika, lote limo. Ukitokea nje kwenda Ulaya ndo wanaangalia shirika, lazima liwe la Ulaya. Dada yako kapaa Frankfurt, kesi imeisha hapo. Mmasai wa Longido na Mjerumani wa foleni wana haki moja.

Kiasi kinaenda na umbali: mpaka kilomita 1,500 ni euro 250, ikizidi hapo mpaka 3,500 ni 400, na safari ya kutoka Ulaya kwenda nje ikizidi 3,500 ni 600. Na kwa kuwa tiketi ni moja wanapima kutoka Frankfurt mpaka KIA, sio mpaka pale alipobadilishia ndege. Hiyo ni zaidi ya kilomita 6,000. Sheria yenyewe ilivyoandikwa ilitaja fidia kwa ndege iliyofutwa, na kuchelewa kukaongezwa na Mahakama ya Ulaya mwaka 2009, kwamba ukifika mwisho wa safari umechelewa masaa matatu au zaidi unalipwa kama wa ndege iliyofutwa. Na saa ya kufika ni pale mlango wa ndege unapofunguliwa, sio matairi yanapogusa lami. Kuna watu wamepata hela kwa dakika hizo za kutembea mpaka maegesho. Dada yako kafika kesho yake, hahitaji kubishania dakika.

Vocha: sheria inasema fidia ni pesa taslimu, benki au hundi, vocha ni mpaka abiria mwenyewe akubali kwa saini. Ndo maana wanataka abonyeze. 600 kwa hela yetu inapita milioni moja na nusu, wao wanakupa robo yake tena ya kurudi kupanda ndege zao. Halafu alale kwenye kiti Frankfurt au popote, hapo nako walikosea, ukilazwa njiani kwa kuchelewa kwao unawadai hoteli, chakula na usafiri wa kwenda na kurudi kiwanjani. Kama alijinunulia chakula atume risiti, hiyo ni juu ya zile 600.

Chuga_Kona
Sawa wakala lakini hawa jamaa hawalipi kirahisi hivyo, watakuja na hali ya hewa. Shemeji yangu alijibiwa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu" wakafunga faili.

WakalaTiketi_AR
Wanajibu hivyo wote, barua ya kwanza huwa ni ya kukuchosha. Ni kweli kuna sababu zinazowatoa: hali mbaya ya hewa, mgomo wa waongoza ndege, mambo ya usalama, kama lile jivu la volkano la Iceland mwaka 2010 hakuna aliyelipwa fidia. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika, sio wako. Na hitilafu ya ndege ya kawaida haimo, Mahakama ya Ulaya ilishasema hivyo mwaka 2008, kutengeneza ndege ndo kazi yenu ya kila siku, ni sawa na mwenye Hiace ya Moshi Arusha akuambie pancha ni kazi ya Mungu. Hata mgomo wa wafanyakazi wao wenyewe kwa kawaida hauwaokoi. Dada aliambiwa hitilafu? Kama kuna meseji au imeili inayotaja hilo neno aitunze kama cheti cha kuzaliwa. Na hata kwenye lile jivu, fidia haikuwepo ila hoteli na chakula walitakiwa kutoa, haki ya kutunzwa haina volkano.

mama_Njoro
Mimi nizungumzie begi maana mmeruka na ndo lina haraka. Nilifanya kazi ya mizigo zamani.

Begi haliko kwenye hiyo 261 kabisa. Liko kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999 na Tanzania imo. Ile fomu ya PIR aliyojaza kaunta pale KIA ni ripoti kwamba begi halijaonekana, watu wengi wanaona wameshadai wanakaa wanasubiri. Usitegemee hiyo peke yake. Begi likichelewa una siku 21 tangu ulipokabidhiwa uwe umeandika madai kwa shirika, likiwa limeharibika ni siku 7. Zikipita hizo hata ungekuwa na haki ya wazi hawakusikilizi. Begi limekuja Jumatatu, kwa hiyo dada aandike wiki hii hii, imeili inatosha, aweke namba ya PIR, kile kistika cha begi, bodingi pasi na picha za risiti.

Ukomo kwa abiria mmoja saivi ni SDR 1,519, ulipanda mwishoni mwa Desemba 2024 kutoka 1,288. SDR ni kipimo cha IMF, hiyo ni kama dola elfu mbili hivi. Ila msikie vizuri, huo ni ukomo tu. Unalipwa hasara uliyoipata kweli kweli, gauni la risiti ya EFD litaeleweka, viatu vya Memorial sijui mtavielezaje, pigeni picha tu mwandike bei kwa uaminifu. Mimi ningeviweka, wakivikata wavikate wenyewe.

Kibosho_Juu
Asanteni sana wakuu, mama Njoro Mungu akubariki, nimempigia dada saa hii anaandika ya begi leo leo. Baba mdogo nimemsomea, kanyamaza kidogo halafu kauliza yeye aliyeweka mafuta kwenda KIA mara mbili anadai fomu gani 😂

Hizo 600 zina muda? Na apitie hizi kampuni za mtandaoni za kudai?

WakalaTiketi_AR
Baba mdogo adai kwa dada.

Muda unategemea nchi, Ujerumani ni miaka mitatu na inahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka husika, ana nafasi. Ila Montreal mahakamani ni miaka miwili tu, asichanganye. Hizo kampuni zipo za kweli lakini mara nyingi zinakata robo mpaka theluthi na zaidi, mimi simshauri aanze nazo. Kwanza ajaze mwenyewe fomu kwenye tovuti ya shirika, maneno machache: namba ya tiketi, tarehe, nilitakiwa kufika saa fulani nimefika saa fulani, nadai euro 600 chini ya sheria 261/2004, akaunti yangu hii. Asisimulie ubarikio, hausaidii. Wakimkalia kimya miezi miwili au wakikataa, Ujerumani kuna usuluhishi wa mambo ya usafiri unaitwa Schlichtungsstelle Reise & Verkehr, abiria hatozwi, aangalie tu kama shirika hilo ni mwanachama.

Machame_Geti
Samahani naingilia. Mimi nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni. Tulipata wageni wawili waliochelewa hivyo hivyo, mpishi na wagumu (wabeba mizigo) wameshafika geti, posho ya siku nimelipa na hatukupanda. Mimi siwezi kudai hizo 600?

WakalaTiketi_AR
Hapana mkuu, 600 ni ya abiria mwenyewe, wewe hukuwa kwenye hiyo ndege. Mgeni akikulipa wewe ile siku iliyopotea, yeye ndo anaweza kuidai kwa shirika kama hasara ya kuchelewa chini ya Montreal, huko ukomo ni SDR 6,303 kwa mtu, kwa risiti, na shirika linaweza kuchomoka likionyesha lilifanya kila linalowezekana. Kwa hiyo mpe risiti nzuri yenye mchanganuo, na mkataba wako useme wazi siku ya kuchelewa inalipwa na nani. Wengi hapa mjini mikataba yao ni ya kunakili, hicho kipengele hakimo.

Kibosho_Juu
La mwisho wakala usinichoke. Dada anarudi Januari na shirika hilo hilo, likimfanyia tena KIA anadai 600 nyingine?

WakalaTiketi_AR
Hapo ndo patamu. Hapana. Kurudi ni safari nyingine hata kama tiketi ni moja ya kwenda na kurudi, Mahakama ya Ulaya ilishalisema mwaka 2008. Anapaa KIA na shirika sio la Ulaya, 261 haimhusu. Angekuwa na shirika la Ulaya angedai hata akitokea hapa. Kwa hiyo kurudi amebaki na Montreal na masharti ya tiketi yake. Wakimsumbua kwa upande wetu huku, aandike kwanza kwa shirika, asiporidhika apeleke TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na kuna baraza la watumiaji la TCAA-CCC nalo linasaidia abiria. Hiyo ni hata kwa nyie mnaoruka uwanja wa Kisongo hapa Arusha kwenda Zanzibar.