Mgombea ubunge atuambie nani kamlipia kampeni, kabla hatujapiga kura

Kisiki Kikavu
Wakuu salaam. Nina hoja moja naomba tuijadili kwa utulivu. Kila uchaguzi tunaletewa wasifu wa mgombea, kazaliwa wapi, kasoma wapi, kafanya kazi wapi, vipaumbele vyake maji, barabara, afya, vijana, yaani ukibadilisha picha tu kwenye bango unaweza kumpa mwingine na hakuna atakayegundua. Lakini yale magari ya matangazo, fulana, jukwaa, wasanii, mafuta, posho za mawakala, nani kalipa? Hapa Tanzania Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010, inamtaka mgombea akieleze chama chake ana kiasi gani na anategemea kupata kiasi gani, na baada ya uchaguzi marejesho yaende mpaka kwa Msajili wa Vyama. Sawa. Sasa mimi mpiga kura wa huku kijijini hiyo karatasi naiona lini? Mbunge wetu alifanya kampeni ya kutisha, leo akisimama bungeni anachokipigania ni ushuru wa bidhaa anazouza jamaa aliyekuwa anazunguka naye kwenye msafara. Sisemi kaiba, nasema tulipaswa kujua mapema. Halafu mwenyewe ni darasa la saba, hata muswada sijui anasomewa na nani.

Fundi Bomba
Hapo mwisho umeharibu mkuu. La saba imekukosea nini? Mimi nimeishia la saba, nimejenga, nasomesha watoto chuo kwa mikono hii hii. Ile mikataba ya madini mliyoilalamikia miaka yote ilisainiwa na la saba? Walisaini wasomi wenu tena kwa kalamu za bei mbaya.

Kisiki Kikavu
Fundi hoja yangu ni hela za kampeni, hiyo ya elimu nimegusia tu.

Fundi Bomba
Umegusia ukanigusa mimi.

Nyota ya Jaha
Kwani Katiba si inataka mbunge awe angalau kidato cha nne?

Wakili wa Kijiweni
Hapana dada. Ibara ya 67: raia, awe ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Cheti hakijatajwa. Musukuma wa Geita Vijijini anasema hadharani ni la saba na wananchi wamempa ubunge zaidi ya mara moja. Kinachoniuma mimi kwenye ibara hiyo siyo elimu, ni hicho cha kupendekezwa na chama. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alikwenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha akashinda mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi, na mpaka leo kama huna chama hugombei. Kwa hiyo mwenye hela anajua kabisa pa kuanzia, anaanza na chama, wananchi watafuata baadaye.

Nyota ya Jaha
Asante wakili. Ila mimi bado naona muswada wa kurasa zaidi ya mia, lugha ya kisheria, mtu awe na shule kidogo bana. Tusioneane aibu.

Fundi Bomba
Shule anayo. Wewe unataka vyeti.

Mzee wa Miiko
Vijana mnagombana pembeni. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka Azimio la Arusha, 1967. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili. Mwaka 1991 kule Zanzibar ikalegezwa, na toka siku ile mfanyabiashara na mbunge wakawa mtu mmoja. Kilichobaki ni tamko la mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili, sheria ya 1995. Sasa tamko linauliza una nyumba ngapi na unadaiwa na benki gani, lakini yule aliyekulipia majukwaa huku akijua utamlipa kwa njia nyingine, huyo anaandikwa wapi? Bwana Kisiki yuko sahihi kabisa.

Moto wa Pumba
Mzee miiko hiyo hiyo ndiyo tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni. Baba yangu alikuwa na duka akaitwa mlanguzi. Usituletee hiyo habari hapa.

Mzee wa Miiko
Nazungumzia uongozi, wewe unanijibu sukari. Nani kamkataza baba yako kuuza duka? Alikatazwa kuuza duka huku akiwa kiongozi.

Moto wa Pumba
Hakuwa kiongozi wa chochote mzee wangu. Na hakuna aliyewahi kumuomba radhi mpaka anakufa.

Jirani wa Mpakani
Mimi niko Kenya, niwaambie tu msiringe na sheria. Sisi tunayo ya kusimamia fedha za kampeni tangu 2013. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wabunge wakaiahirisha, 2021 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatangaza viwango vya matumizi kwenye gazeti la serikali, Bunge likavitupa. 2022 tukaenda debeni kila mtu akimwaga pesa vile anataka. Wanaotakiwa kubanwa ndio wanaopiga kura ya kujibana, sasa mnatarajia nini?

Dada wa Kata
Jirani umesema kweli ila tuseme na upande wetu. Mbunge akipita huku anaombwa mchango wa harusi, jeneza, jezi, mabati ya msikiti, kwaya. Asipotoa anaitwa mchoyo. Mwaka 2000 walichomeka takrima kwenye sheria ya uchaguzi, ukarimu wa asili eti siyo rushwa, mashirika ya haki za binadamu yakaenda Mahakama Kuu ikafutwa 2006. Imefutwa kwenye karatasi. Na ukitaka kujua hela nyingi inaishia wapi usiangalie hata mikutano ya hadhara, angalia kura za maoni, ule mchujo wa ndani ya chama. Jimbo ambalo ni ngome, ukishapita kwa wajumbe wa chama wanaopiga kura hizo umeshakuwa mbunge. Hawakukosea waliosema wajumbe si watu.

Mjumbe Halali
Dada mimi ni mjumbe na ni mtu, nina familia. Huo msemo mliuanza 2020 kama utani sasa mmeufanya tusi. Wako wajumbe wanaokataa bahasha na hakuna anayewaandika.

Dada wa Kata
Wako wangapi kwenye kata yako? Mimi nilikuwa ukumbini, niliona watu wanavyoitwa nje mmoja mmoja.

Kisiki Kikavu
Jamani naomba turudi. Pendekezo langu ni dogo sana. Ile taarifa ya fedha ibandikwe ofisi ya kata na jina la kila aliyetoa fedha nyingi, ibandikwe siku ya uteuzi, na ile ya ndani ya chama ibandikwe kabla ya kura za maoni, maana sheria ya 2010 inagusa na huo mchujo. Tukishajua nani kalipa, hata akisimama bungeni tunajua tusikilize nini. Mfuko wa Jimbo, ile hela ya maendeleo ya jimbo, nao mwenyekiti wa kamati ni yeye yeye mbunge, sheria ya 2009, sasa mkandarasi aliyemfadhili akipata kazi humo tutajuaje?

Wakili wa Kijiweni
Naunga mkono, ila uweke na adhabu. Asiyebandika jina lake lifutwe kwenye wagombea.

Fundi Bomba
Mimi naunga mkono pia, ila Kisiki ufute ile sentensi ya la saba.

Kisiki Kikavu
Sifuti Fundi, mbunge wangu nina haki ya kumsema.

Fundi Bomba
Basi siungi mkono.

Mjumbe Halali
Dada wa Kata hujanijibu. Ulipokuwa ukumbini ukaona watu wanaitwa nje, uliripoti TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, au ulikuja kuandika humu?

Dada wa Kata
Niliripoti kwa viongozi wa kata. Aliyepokea taarifa yangu ndiye aliyekuwa anawaita.

Nyota ya Jaha
Na viti maalum je? Kule wananchi hatupigii mtu kura kabisa, ni majina ya chama. Hela zao zinabandikwa ofisi gani?

Mjumbe Halali
Msianze na viti maalum sasa. Dada, mtaje huyo kiongozi hapa kama una uhakika.