Tupeane uzoefu: ndugu yako kuwekwa ndani bila kesi kusikilizwa

Mleta mada:
Wakuu, tuweke hapa yaliyotupata sisi au watu wa nyumbani. Naanza. Mwaka 1983 hapa Tanzania, kwenye msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha au kulangua bidhaa, baba alichukuliwa dukani kwake kwa ajili ya sabuni na khanga zilizokuwa stoo. Sheria ya mwaka ule ilikataza dhamana na wakili. Mama alipeleka chakula kituoni hadi siku moja akaambiwa "hayupo hapa". Basi. Aliachiwa baadaye bila kusomewa shitaka. Duka halikufunguliwa tena, na hakuna aliyemwomba radhi mpaka tunamzika.

Mchangiaji, mwenyekiti wa kijiji:
Pole sana mkuu. Mimi niliuliza mkutanoni pesa za darasa zimekwenda wapi. Mkuu wa wilaya akasema, "Mwekeni ndani saa 48." Wengi hawajui kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kukamata palipo na kosa au amani ikiwa hatarini, aandike sababu, na ndani ya saa hizo ufikishwe kwa hakimu. Mimi sikufikishwa popote. Nilitolewa kimyakimya, na tangu hapo wanakijiji hawaulizi kitu. Hilo linaniuma kuliko sakafu niliyolalia.

Mchangiaji, Dar:
Kwetu ni kaka, mhasibu. Utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Karandinga linamleta, wakili wa serikali anasimama, "upelelezi haujakamilika", inapangwa tarehe nyingine, karandinga linamrudisha. Mwanawe kazaliwa, katambaa, katembea. Watu wanatuambia hajafungwa, yuko mahabusu tu. Jamani, mfungwa anajua atatoka lini! Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa hivyo takriban miaka minane, mashtaka yakafutwa Juni 2021. Nani atawarudishia?

Mchangiaji, Kisumu:
Hapa Kenya Katiba ya 2010 inasema saa 24 uwe kortini. Lakini baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana walichukuliwa na watu waliofunika nyuso. Binamu yangu tulimtafuta kila stesheni, kila mochari. Alirudi, ila hataki kusimulia, na hatumlazimishi.

Mleta mada:
Ahsanteni. Kumbukeni Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilitajwa na Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyokusanya maoni kuhusu vyama vingi, kati ya sheria 40 kandamizi. Ndugu akishikiliwa bila kufikishwa kwa hakimu, mnaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu aliyemshika aamriwe kumleta. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Jaji alisemaje, na ndugu yenu alitoka?