Tupeane uzoefu: programu za kupanga biashara na kufuatilia utendaji wa wafanyakazi

Wakuu, habari za kazi. Nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Mbezi, jingine Kibaha. Mauzo yanaandikwa kwenye daftari, jioni wauzaji wananitumia picha ya ukurasa kwa WhatsApp, mashine ya EFD ya risiti za kodi ina hesabu yake na Lipa Namba ya malipo ya simu ina yake. Nikitaka kujua mwezi umekwendaje nakesha na kikokotoo. Natafuta programu itakayonisaidia kujua niagize nini na lini, na ionyeshe pia kila muuzaji anafanya kazi gani. Wanaoziuza wamekuja dukani na michoro ya kuvutia. Nyie mnaozitumia kila siku mnasemaje?

Mwenye duka, Mbeya

Mkuu, tuko kwenye biashara moja. Kabla hujalipia chochote, kaa na muuzaji wako mkongwe muandike orodha ya bidhaa. Misumari unanunua kwa katoni, unauza kwa kilo. Waya wa kufungia nondo unakuja kwa rola, mteja anataka kilo mbili. Vipimo hivyo visipowekwa sawa tangu mwanzo, programu itasema kuna kilo zimepotea, na wa kwanza kushukiwa ni kijana wa stoo. Kuna duka hapa kwetu kijana mwaminifu aliondoka kwa hesabu ya namna hiyo. Iliniuma, maana namfahamu.

Mimi nimefaidika zaidi upande wa mipango. Ripoti ya bidhaa zisizotoka ilinionyesha mtaji uliolala kwenye vigae na rangi, wakati bati za geji 30 zinaisha na wateja wanavuka barabara. Sasa kila bidhaa ina kiwango chake cha kuagiza: mauzo ya kawaida ya siku, mara siku ambazo mzigo unakaa njiani, halafu naongeza akiba. Sementi ikitoka mifuko 20 kwa siku na mzigo ukichukua siku 5, hiyo ni mifuko 100. Nikiongeza akiba ya siku 2 naagiza ikibaki 140. Mvua zikikolea nashusha kiwango mwenyewe. Programu inahesabu yaliyopita tu, haijui kwamba mafundi wamesimama.

Mtoa dawa, Morogoro

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni mwajiriwa kwenye duka la dawa muhimu, naomba na upande wetu usikike. Bosi alipoweka mfumo, tulifurahia sana sehemu ya tarehe za kuisha muda. Inataja dawa inayokaribia kuharibika, tunaitoa kwanza, hasara ya kutupa imepungua.

Baadaye akaanza kubandika ukutani nani kauza zaidi. Kwenye dawa hicho ni kipimo cha hatari, nasema kwa moyo wote. Mama analeta mtoto mwenye mafua ya kawaida. Anachohitaji zaidi ni kuelezwa namna ya kumtunza na dalili zipi zimpeleke hospitali. Anayetaka kuongoza orodha atamuuzia antibayotiki. Usugu wa dawa unakua kwa njia hiyo, na watakaoumia ni watoto walewale. Tulimfuata bosi tukamwomba apime mengine: dawa za msingi zisikosekane, zinazotupwa ziwe chache, pesa ya droo ilingane na mfumo. Alikubali, namshukuru mpaka leo. Ndugu mwenye mada, zungumza na wauzaji wako kabla hujaamua utawapima kwa lipi.

Mwalimu, Singida

Serikalini tulikuwa na OPRAS, fomu za makaratasi za kupima utendaji tangu 2004, sasa tuko PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kazi hiyohiyo. Unaingiza majukumu yako, mkuu wako anaidhinisha, unajaza utekelezaji, naye anakutathmini. Naipenda kwa sababu kazi inaandikwa wakati inafanyika. Zile fomu wengi tulijaza mwisho wa mwaka kwa kukumbukakumbuka. Shida ni mtandao, wengine hujaza usiku wa manane. Halafu kuna kazi isiyo na kisanduku chake, kama kumfuata mtoto aliyeacha shule hadi kwa wazazi wake. Mkuu, ukichagua programu hakikisha mfanyakazi ana mahali pa kuandika kwa maneno yake.

Mwenye malori, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Ninabeba mahindi kwenda Nairobi, na malori yangu yana GPS na kipimo cha mafuta ndani ya tangi. Wizi wa mafuta umepungua kweli. Lakini jifunze kusoma ile grafu kabla hujamwita dereva. Lori likiegeshwa penye mwinamo, mafuta yanaegemea upande mmoja na kipimo kinaonyesha yameshuka. Likifika tambarare yanarudi palepale. Yaliyoibwa hayarudi. Wala usilinganishe dereva anayepanda kutoka Mai Mahiu akiwa na mzigo na yule anayeshuka na lori tupu. Mimi nalinganisha safari za njia moja na uzito unaokaribiana, basi.

Pia kuna sheria. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waambieni watu wenu mnakusanya nini na kwa nini. Namjua mwajiri anayefuatilia vijana kwenye simu zao binafsi hata Jumapili. Hilo silikubali kabisa, mtu ana maisha yake.

Mwenye mada

Asanteni sana wakuu. Naanza na Kibaha peke yake, na wiki hii tunaandika orodha ya bidhaa. Muuzaji wangu wa huko amesoma uzi huu akaniambia angependa kupimwa kwa wateja wa mkopo wanaolipa kwa wakati, maana ndiye anayewafuatilia. Limenifurahisha. Swali limebaki moja: umeme na mtandao vikikatika mnauzaje?

Mwenye duka, Mbeya

Tafuta inayofanya kazi kwenye simu bila intaneti, mtandao ukirudi inapeleka yenyewe. Ijaribu mbele ya anayekuuzia: zima data, uza vitu vichache, washa, angalia kama vyote vimefika. Kisha mwambie akutolee orodha yako yote kwenda Excel. Akianza kuzungukazunguka, usilipie.