Mkahawa wa herufi hapa Jinja: nembo nianzie wapi?

KalamuWalukuba
Hamjambo nyote. Nimepata kazi inayonifurahisha na kunitia tumbo joto kwa pamoja. Mama mmoja wa hapa Jinja amerithi jengo la marehemu baba yake, aliyekuwa akichapa vitabu vya risiti na kadi za harusi. Anafungua mkahawa humo humo, na anataka kila kitu kiwe herufi: nembo, menyu, kuta, hata aproni za wahudumu. Makasha ya herufi za madini ya risasi bado yapo, pamoja na herufi kubwa za mbao za kuchapia mabango. Zile za risasi anataka zimwagwe juu ya meza, mteja azichezee akisubiri chakula.

Menyu aliyonipa imeunganisha vyakula na majina ya fonti, yaani mitindo ya herufi: Rolex Helvetica (rolex ni chapati iliyoviringishiwa mayai), Maharage Bodoni na Luwombo Garamond (luwombo ni mchuzi uliopikwa ndani ya jani la mgomba). Jina la mkahawa bado, ila analipenda "Times New Rolex", utani wa fonti ya Times New Roman. Nilicheka sana. Lakini dereva wa lori anayekwenda Malaba atacheka na nani?

Fonti za kulipia hawezi. Mngefanyaje?

MzeeWaNasserRoad
Mwanangu, nembo ingoje. Kwanza ziondoe hizo herufi mezani. Chuma cha herufi ni risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Mimi nimepanga herufi kwa mkono kabla mashine za ofseti, zisizotumia herufi za kupanga, hazijatufukuza, na msimamizi wetu hakuruhusu hata karanga kuingia chumba kile. Kunawa mikono ilikuwa sheria. Tulipewa na maziwa, eti yanaosha sumu, hayaoshi kitu. Sasa wewe unataka mtoto wa mteja ashike herufi halafu ashike chapati? Zifungie ndani ya kioo ukutani, zikiwa kwenye makasha yake, watu waone jinsi zinavyosimama kinyume kama kwenye kioo cha kujitazamia. Za mbao ndizo mali. Zisafishe, zipake wino, chapa nazo majalada ya menyu kwa mkono. Hakuna mkahawa mwingine Jinja utakaokuwa na jalada kama hilo.

La pili. Helvetica ni ya Uswisi, 1957. Bodoni alikuwa Parma, Italia. Garamond alikuwa Paris katika karne ya 16. Hao wote ni wakubwa, nawaheshimu, nimekula kwa jasho la kazi yao. Lakini walikuja lini Jinja? Toka nje, tembea Main Street, inua macho juu ya mabati ya vibaraza. Utaona majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi, jina la mwenyewe na mwaka vimefinyangwa kwa saruji. Fundi aliyeziunda hakununua fonti popote. Aliweka rula, akagawa nafasi, na pale jina lilipokuwa refu akazibana herufi za mwisho. Angalia hasa hizo zilizobanwa, ndizo zenye uhai. Piga picha, zichore upya herufi za jina la mkahawa tu. Huhitaji alfabeti nzima, na hakuna wa kukudai leseni.

Kwa maandishi ya ndani, mtihani ni mmoja: andika *eŋŋaano*, yaani ngano kwa Kiganda. Chapati ni ngano, na menyu ya hapa Busoga isiyoweza kuandika ŋ ni aibu. Fonti nyingi za bure zitakutolea kisanduku kitupu, au kompyuta itaazima ŋ kutoka fonti nyingine, ikae pale kama mgeni asiyealikwa. Fonti ziitwazo Andika na Gentium, za shirika la SIL, ni za bure hata kwa biashara, na ŋ zinayo. Ukiandika kwa herufi kubwa tazama tena: Ŋ ina maumbo mawili, N yenye mkia wanayoipenda Wasami kule kaskazini mwa Ulaya, na n ndogo iliyokuzwa ambayo ndiyo ya Afrika. Fonti nyingi huanza na ile ya Wasami. Umbo letu mara nyingi limefichwa ndani, litafute.

ShangaziBusia
Mzee kasema ya mzee, sasa sikia ya mwenye jiko. Mteja wangu akisoma Luwombo Garamond ataniuliza garamond ni nyama ya mnyama gani. Ukimweleza, maelezo ni marefu kuliko chakula. Luwombo iite luwombo.

Halafu ile Bodoni ina mistari myembamba kama uzi. Jioni umeme ukipungua, mteja wa miaka hamsini anaona nusu ya herufi. Tarakimu nazo zichunguze. Kuna fonti ambazo sifuri yake ni fupi kama o, na bei zetu ni sifuri tupu: 15,000 inasomeka kama neno. Chagua tarakimu zenye kimo kimoja na upana mmoja, bei zipangane wima.

Na bei hupanda! Jalada chapa vizuri unavyotaka, ndani weka karatasi ya A4 ya kubadilisha. Mimi nililaminisha menyu nzima, sukari ikapanda, nikaanza kubandika vikaratasi juu ya plastiki.

okello_wa_mabango
Mnaongea fonti, mmeiacha iliyo mbele ya macho. Alama ya /= mwisho wa bei. Inajulikana Uganda, Kenya na Tanzania, kwenye kibanda na hotelini. Mtalii haijui, atauliza, mazungumzo yameanza. Ifanye nembo! Kubwa, nyeusi, kwenye aproni.

ShangaziBusia
Nembo ya bei mlangoni? Watu wataogopa kuingia, bambi.

MzeeWaNasserRoad
Shangazi, mimi naipenda. Lakini iwe ndogo, mwisho wa jina, si badala ya jina. Na hiyo "Times New Rolex" achana nayo. Rolex ya chapati haina mwenyewe, ila ukiiweka kwenye kibao cha biashara kuna kampuni ya saa inayoweza kuamka. Jina lolote mtakalochagua, litafutwe kwanza URSB, ofisi ya kusajili biashara, kabla hujachora hata nukta.

KalamuWalukuba
Asanteni, ssebo na shangazi. Nimezungumza na mama. Suala la risasi lilimshtua, ameshazifungia. Majina ya Kizungu amekubali yatoke, isipokuwa Maharage Bodoni, hilo hataki kusikia. Nimemwachia, mkahawa ni wake. Jina anataka liwe la baba yake, kama yale ya saruji barabarani, na /= nitaijaribu.

Limebaki kibao cha nje. Plastiki yenye taa ndani, au kuchorwa kwa mkono?

okello_wa_mabango
Kwa mkono, usiulize mara mbili. Plastiki jua la hapa huila, na taa zikiungua moja moja jina linabaki na mapengo. Rangi ya mafuta, mara mbili, ukuta upakwe praima kwanza. Fundi mpe mchoro wa ukubwa halisi kwenye karatasi, autoboe matundu na kupitisha unga wa mkaa, asikadirie kwa macho. Kibali cha bango wakaulize ofisi ya jiji kabla ngazi haijasimama. Na chora yadi ya nyuma pia, ndiko boda wanakoegesha.