Yule "mimi" aliyeomba taa kikaoni ni nani hasa? Nisaidieni, usingizi umenihama

Mwana_Langoni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wasioitikia hiyo. Nna swali, na nawaomba msinicheke mpaka nimalize, nikishamaliza ruhusa.

Juzi nlienda kile kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, huku kwetu Lamu. Sikutumwa na mtu, nlienda mwenyewe kama raia mwema, kanzu imepigwa pasi, mfukoni nna karatasi niliyoiandika usiku kucha ina mambo matatu: dawa za zahanati, maji ya mfereji yenye chumvi, na zile taka za pwani ambazo sasa hata punda anazikwepa. Mambo ya maana, ya watu wote, hayana harufu yangu hata chembe. Nikakaa kiti cha plastiki karibu na mlango, nikangoja saa moja na nusu, nikala sambusa mbili (ya tatu nlimwekea mtoto), kipaza sauti kikazunguka kikazunguka kikanifikia, nikasimama, nikasema bismillahi, nikafungua mdomo, na mdomo ukasema: "Tunaomba taa ya sola pale kwenye kona ya kichochoro, penye duka."

Duka ni langu. Langu na shemeji.

Karatasi haikutoka mfukoni. Wallahi sikupanga, maneno yalitoka yenyewe kama mtu anayepiga chafya, watu wakanipigia makofi, afisa akaandika, nikakaa. Na tangu hapo siko sawa, manake mimi najijua nlienda kusema zahanati, sasa kama mimi ndo wa zahanati huyo wa taa katoka wapi? Jana nlikuwa kwa kinyozi nikajitazama kwenye kioo, nikaona anaenyolewa ni mmoja, anaelipa ni mwengine, na anaeambiwa "umependeza" ni wa tatu, na nikiwauliza wote watatu hakuna aliyeomba taa.

Nimewaza mpaka nimefika pahali naona kama pana mwanga. Nifuateni polepole. Binadamu habaki alivyo, nywele zinakatwa, kucha zinaota, fikra za asubuhi si za magharibi. Sasa aliyeomba taa ni mimi wa mwaka huu wa fedha, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, ukiamka 1 Julai ni mwengine. Kwa hivo taa ikija itamkuta mimi mpya, ambaye hakuomba kitu, kikaoni hakwenda na sambusa hakula. Yeye ataikuta taa imesimama pale kama alivyoikuta bahari. Hapo mgongano wa maslahi uko wapi? Ili vitu vigongane si lazima vikutane kwanza, na hawa watu wawili hawakutani maisha.

Nimekosea wapi? Shemeji nimemuuliza anasema sijakosea popote.

Kahawa_Chungu

Umekosea kwenye sambusa ya tatu.

Tuktuk_wa_Malindi

Kaka usijitese huo ugonjwa uko mpaka huku kwetu. Sisi Malindi tuna barabara na magari kwa hivo nafsi zetu zinaomba tuta. Kuna jamaa alisimama kikaoni akalia kabisa, machozi, ati liwekwe tuta pale barabarani kwa usalama wa watoto wa shule, watu wakaingiwa na huruma, mi mwenyewe nikainua mkono, alafu natoka nje najiuliza shule ipi? Pale hakuna shule. Kuna mke wake anauza viazi karai na gari zilikuwa zinampita mbio bila kusimama. Na viazi vyenyewe vitamu siwezi kukataa, siku hizi nikifika pale napunguza mwendo hata bila tuta.

Ustadh_wa_Mkunguni

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umezunguka sana mpaka kwa kinyozi na jambo lenyewe lishasomeshwa zamani. Nafsi wanavyuoni wameitaja kwa hali tatu. Iko inayoamrisha, hiyo ndo iliyoshika kipaza sauti. Iko inayojilaumu, hiyo ndo inayokunyima usingizi na kukufanya uandike maneno mengi hivi usiku. Na iko iliyotulia, hiyo kusema kweli sijapata kuiona kwenye kikao cha bajeti, na mimi vikao nimehudhuria.

Ila hiyo fatwa yako ya mimi wa Juni na mimi wa Julai usije ukaifundisha watoto. Kesho mtu atakopa mchele Shaabani alafu Ramadhani akwambie aliyekopa hayupo.

Fundi_Matondoni

Ustadh hapo hapo kwenye kukopa, niachieni nafasi manake hili limenikuta.

Bwana Langoni, hizo habari za kubadilika sisi mafundi tunazijua kabla hujazaliwa. Huku kwetu chombo kikizeeka hakitupwi. Mwaka huu unatoa mbao za ubavuni, mwaka mwengine unakuta mataruma yameoza unayatoa, mlingoti unabadilishwa, tanga lishashonwa kiraka juu ya kiraka mpaka lile la kwanza limekwisha, unakalafati upya, ikipita miaka ishirini hakuna ubao hata moya uliokuwepo siku linashushwa majini. Na bado watu wakiliona linapita wanasema lile jahazi la fulani. Na mwenyewe nikienda kudai pesa yangu ya kazi hajapata kunambia "fundi, wewe ulitengeneza zile mbao zingine, hizi hazikujui." Anaweza kunambia hana pesa. Anaweza kunambia njoo Ijumaa. Lakini hilo la kuwa yeye si yeye hajalisema.

Sasa sikiliza. Iko ofisi moja siitaji, niliichongea mabenchi, zama za wakubwa waliopita. Uchaguzi ukapita wakaja wengine. Nimekwenda kudai nikakuta kijana, mpole kabisa, kanikaribisha, akanambia "mzee, sisi ni wapya, hilo deni la wale." Na yeye anaponambia hivo amekalia benchi langu. Nimelitambua, kati ya miguu yake kuna fundo la mti, lile fundo ndo lililonivunjia patasi. Sikumjibu nikawa natazama lile fundo tu. Kijana mpya, deni la zamani, benchi sijui wanalihesabu la lini. Ofisi ikija kwenye kulipa ni nyengine, ikija kwenye kukaa ni ile ile.

Kwa hivo falsafa yako kijana usiipeleke mbele sana, yeo unacheka nayo, kuna watu washaifanya kazi.

Mhasibu_Mstaafu

Fundi pole. Kisheria kaunti haifi na uchaguzi, yenyewe ni mtu, inashtaki na kushtakiwa, na deni iliyoliingia kihalali inabaki nalo awe nani amekalia kiti. Kama una ile karatasi ya oda na ile ya kupokelewa kazi zitunze kuliko cheti cha ndoa. Kama hukupewa oda na ulifanya kwa mdomo, hapo ndo watakusumbua, na wanajua.

Nyinyi wengine mnanichekesha mnavyogombania taa. Hivi mnajua mlikuwa mnagawana nini? Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na hiyo hupimwa kwa miaka kadhaa pamoja si kila mwaka peke yake. Ukiigeuza hiyo maana yake inawezekana shilingi 70 katika kila 100 zimeshakwenda kwenye mishahara, mafuta ya boti, posho, umeme, toner ya printa, kabla mtu yeyote hajasimama na kanzu yake. Mnapigania mkia wa papa wakati minofu ishagawanywa asubuhi.

Alafu jambo jengine, mnafika saa za kuosha sahani. Makadirio ya bajeti lazima yawe yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kabla yake kuna karatasi ya mkakati wa fedha inayofika bungeni kabla ya Februari kwisha, ndo inayosema kila idara isipite kiasi gani. Na kabla yake tena kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, huo unawasilishwa kufikia 1 Septemba. Taa yako ilitakiwa iombwe huko, wakati bajeti bado mimba. Lakini wakati huo ukitangaza kikao wanakuja watu kumi na mmoja, wanne ni wenye kupanga viti.

Na hata mkija wote nayo ni shida nyengine, nlikaa nikapiga hesabu siku moja sina kazi. Sensa ya 2019 Lamu nzima tulihesabiwa 143,920, ndo wachache kuliko kaunti zote 47. Tukisema kila mmoja apewe dakika moja tu aombe kona yake, hiyo ni karibu siku mia, usiku na mchana, bila kusimama hata kwa swala. Na sambusa piga hesabu mwenyewe.

Taa za barabarani kwa kweli ni kazi ya kaunti, hapo Langoni hukukosea mlango, na vivuko na magati madogo pia. Nimesema kwa sababu kuna watu hupoteza dakika yao kuomba askari na madarasa ya sekondari, hayo ni ya serikali kuu, afisa anaandika tu kwa adabu.

Kahawa_Chungu

Mhasibu sambusa tatu tatu ni 431,760. Nimeulizia bei jumla.

Bi_Ukuti

Mwanangu Langoni, mimi nlikuwa safu ya nyuma yako. Kanzu ilipigwa pasi kweli ila kola ilikunjika upande wa kushoto, ungekuwa na mke karibu angekwambia.

Nami siku ile nlisema kama unakumbuka. Sikusema "akina mama na wazee na walemavu" kama yule bwana aliyenitangulia, ambae sote twajua ana tenda za saruji. Mimi nlisema goti langu. Nlisema goti langu la kulia bovu, na pale gatini maji ya bamvua yakikupwa boti huwa iko chini kama iko kisimani, ngazi ya mwisho imeota mwani inateleza kama bamia, mjukuu ananivuta mkono kwa juu, buibui limenasa kwenye msumari, na kwa chini namshika bega baharia ambae si mahram yangu, manake hapo ama bega ama bahari. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke nikasema naomba ngazi mbili ziongezwe na chuma cha kushikilia, kwa sababu ya goti hili. Yule mwenye kuandika akaniuliza bi wapita pale mara ngapi, nikamwambia mara mbili kwa wiki, kwenda Mokowe kule bara na kurudi.

Ona basi, mimi nliulizwa. Manake goti linaulizika, lina mwenyewe, mtu anaweza kunambia bi goti lako ni moja na hizi ni pesa za watu wengi, nami nikamjibu, tukapimana. Wewe ulisema "tunaomba". Huyo tu- ni nani? Hana duka, hana goti, hakai popote, ndo maana hakuna aliyekuuliza kitu wakapiga makofi tu. Ungesema naomba taa mimi fulani, duka langu lile, nauza mpaka saa nne usiku na giza linanikimbizia wateja, tungekupima na huenda tungekupa, kwa sababu kile kichochoro kina giza kweli, mimi mwenyewe nshamkanyaga punda amelala pale, na sijui nani alishtuka zaidi.

Usingizi utarudi. Kunywa maziwa.

Ustadh_wa_Mkunguni

Bi nakuvulia kofia na kofia yenyewe ni ya mkono.

Tuktuk_wa_Malindi

Bi Ukuti hebu njoo Malindi utuendeshee kikao kimoja, nauli ya tuktuk juu yangu, ya basi tutaongea.

Mwana_Langoni

Shikamoo bi. Kola nimeiona kwenye picha, ni kweli.

Nlitaka kurudi hapa niseme nimekubali, nikawatafute wenye kuandika niwaambie ile taa ni yangu na duka ni langu, walifute lile "tunaomba". Shemeji alikasirika lakini nlishaamua. Sasa leo mchana zile kumbukumbu za kikao zimezunguka kwenye wosapu, mtu kazipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nimezikuza nikasoma. Ukurasa wa tatu umeandikwa hivi: wakazi wa eneo hilo waliomba kwa kauli moja wawekewe taa.

Kauli moja ni kweli. Ilikuwa yangu.

Bi_Ukuti

Na goti langu limo?

Mwana_Langoni

Nimesoma mara mbili bi. Halimo. Kuna ukuta wa saruji, kwa ajili ya akina mama, wazee na walemavu.